Gari la Viti Saba

Fundi alilikataa gari lile kabla hajafungua hata boneti.

"Hili hapana," alisema. "Twendeni."

Mume wa dada yake, kinyozi mpole asiyependa makuu, alihisi upole unamwishia. Hii ilikuwa Jumamosi ya tatu wanazunguka kutafuta gari la familia. Magari sita fundi alikuwa ameyaingia chini, mgongo kwenye vumbi, akayagonga, akayanusa, akayasikiliza injini kama daktari. Yote sita alikuwa na sababu ya kuyakataa. Hili la saba hakuligusa.

Na lilikuwa zuri, jamani. La buluu, viti saba, safi ndani kama limetoka dukani. Bei yake iliwatosha, na zingebaki hela za bima. Dada mtu, mkunga wa zahanati, alikwisha kuliona moyoni: mama mkwe mbele, mapacha katikati, mizigo nyuma.

"Sababu?" aliuliza kinyozi.

"Injini."

Mwenye yadi hiyo ya magari, ambaye watu walimwita Sukari kwa ulimi wake mtamu, aliingia ndani. Aliwasha gari. Injini ikanguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

"Sababu nyingine?"

"Matairi."

Matairi yalikuwa mapya, vinyweleo vya mpira bado vipo.

Kinyozi akacheka kicheko kibaya. "Shemeji, tuongee kiume. Tangu asubuhi ulikuwa hutaki tuje yadi hii. Mara ni mbali, mara imefungwa. Yule wa yadi ya Jumamosi iliyopita amekuahidi nini?"

"Unaniita mla rushwa?"

"Nauliza tu."

"Huulizi. Unanitukana mbele ya dada yangu!"

"Na wewe unatuchezea! Tunapanda pikipiki wanne kama magunia, mvua inawanyeshea watoto, wewe kila gari bovu. Tununue lipi? La kuchora?"

Dada mtu alisimama katikati yao, pacha mmoja mkononi, mwingine kashika gauni. "Kaka, nipe sababu moja tu ya kueleweka. Ukishindwa, nalipa sasa hivi."

Fundi alimtazama Sukari. Sukari alimtazama fundi. Hawakuwa wamesalimiana tangu waingie.

"Fundi," Sukari alisema kwa sauti ya chini, "tuheshimiane. Waache wateja wachague."

Fundi akageuza uso. Mishipa ya shingo ilimtoka.

"Basi," dada mtu akasema. Alifungua mlango wa nyuma, akawaketisha mapacha kwenye viti, akawafunga mikanda ili aone kama inawafika. Watoto wakarukaruka kwa furaha. "Mjomba, tutazame!" wakaita. "Mjomba, gari letu!"

Hapo fundi akalipuka.

Alimsukuma shemeji yake pembeni, akafungua mikanda, akawanyanyua watoto mmoja mmoja na kuwashusha chini, wakaanza kulia. Halafu akainama nyuma ya kiti cha dereva, akashika zulia pale pale, akalivuta likachanika. Akatoa bisibisi mfukoni na kukwangua. Rangi ikatoka. Chini ya rangi ikatoka puti ya kuzibia bati, vipande vipande kama chokaa ya ukuta wa zamani. Chini ya puti kulikuwa na mshono wa kuchomelea, umekatiza sakafu kutoka mlango hadi mlango.

"Sababu hiyo hapo!" alipiga kelele. "Umeiona? Hili si gari, ni magari mawili! Mbele ni la ajali moja, nyuma ni la ajali nyingine, yamekatwa yakaunganishwa. Ukigonga jiwe kubwa kwa mwendo, linagawanyika. Wewe na mkeo mnabaki mbele. Watoto wanaenda na nyuma!"

Kinyozi alikaa chini palepale, juu ya changarawe, na suruali yake ya Jumamosi.

Dada mtu hakukaa. Alimwendea Sukari na kidole chake kikamfika puani. "Una watoto wewe? Hebu nijibu! Mimi nawapokea watoto wa watu kwa mikono hii, nahangaika nao usiku na mchana wapate kuvuta pumzi, wewe unawatengenezea jeneza la buluu! Shetani mkubwa! Ulikuwa unatabasamu! Nimewafunga wanangu mikanda, na wewe unatabasamu!"

Wateja wengine waliacha magari yao wakasogea. Mmoja alianza kuinua zulia la gari alilokuwa karibu kulilipia.

"Samahani, shemeji," kinyozi alisema kutoka chini. "Nimekukosea sana. Lakini umejuaje? Ulilikataa bila hata kuingia ndani."

"Ni kazi yangu," alijibu fundi, bila kumwangalia.

"Mungu akuweke, kaka," dada yake alisema, sasa machozi yanamtoka. "Bila wewe leo tungekuwa tumewaua."

Maneno hayo yalimchoma kuliko matusi yote ya asubuhi. Fundi alimrukia Sukari, akamkaba kola ya shati kwa mikono miwili, akamgandamiza kwenye mlango wa lile gari la buluu.

"Watoto wa dada yangu!" alifoka, mate yakimruka. "Ungewapakia humu watoto wa dada yangu!"

Sukari hakujitetea. Alisubiri hadi fundi akaishiwa pumzi.

"Niachie shati," alisema. "Na yale tisa mengine uliyoniunganishia, mbona hukuniuliza yatabeba watoto wa nani?"