Mawe ya Siku ya Kufunga Mkutano

Wewe unayesoma, ulishaona wapi mgeni akitupiwa mawe siku ile anayofunga mizigo arudi kwao?

Basi Uvira ilikuwa hivyo. Siku nne marais wa nchi za ziwa walikaa kwenye hoteli ya kando ya maji, na siku nne hizo hakuna aliyewarushia hata ganda la muhogo. Watu waliwapungia mikono. Siku ya tano, magari yalipopangwa mstari kuelekea mpaka wa Kavimvira, ndipo mtaa wa Kasenga ulipolipuka.

Koko Mapendo alikuwa mbele kabisa, kikapu mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso. Huyu ni mama anayeponda mawe kando ya mto Kalimabenge, mwaka wa ishirini na sita sasa, na nyundo yake imeshabadilishwa mpini mara saba. Kila jiwe alilipima kwanza kwenye kiganja ndipo akampa mtu.

"Koko, lete yale makubwa, ya fondasyo ya nyumba!" alisema Ezéchiel, kijana anayechomelea milango ya chuma. Wiki ile peke yake alikuwa ametoa milango kumi na miwili, kuliko mwezi mzima wa kawaida.

"Weye! Unataka kuua mutoto wa watu? Shika haya madogo. Na upige mipira ya gari, si kichwa cha mutu."

Komanda Achille wa polisi aliyaangalia mawe yakianguka yote kwenye magurudumu, akasema moyoni: hawa watu hawajui kulenga.

Na kusema kweli, sababu za hasira hazikukosekana. Nyumba za kando ya barabara zilikuwa zimepakwa rangi upande mmoja tu, ule unaoonekana ukiwa ndani ya gari. Ukizunguka nyuma, udongo ni ule ule. Barabara ilimwagiwa maji asubuhi na jioni ili vumbi lisiguse viatu vya wakubwa. Mitende iliyoletwa na lori ilisimama ndani ya ndoo, kama watu wanaosubiri kunawa miguu. Zulia jekundu lilitandikwa toka mlango wa hoteli hadi kwenye mchanga, ijapokuwa hakuna rais aliyekuja kwa mtumbwi. Nyaya mpya za umeme zilivutwa mbio mbio juu ya Kasenga nzima, toka hospitali hadi hoteli, ili maikrofoni isije ikanyamaza katikati ya hotuba.

Koko Mapendo alikuwa na lake zaidi. Siku ya kwanza ya mkutano, binti yake Divine alijifungua kabla ya mwezi wake. Kilo moja na gramu mia, vidole kama visamaki vya ndagala. Mtoto aliwekwa ndani ya kuvezi, lile sanduku la kioo linalowapasha joto kwa umeme watoto waliotangulia siku zao.

"Siku kumi na ine, Koko," Louise muuguzi alimwambia. "Akizimaliza humu ndani, atanyonya yeye mwenyewe. Akitoka mbele ya siku hizo, minye sikudanganyi."

Zilikuwa zimepita nne.

Lakini njia ya hospitali ilipita mbele ya hoteli, na hapo askari walikuwa wameweka bariyeri. Kila asubuhi Koko alifika na uji wa Divine, kila asubuhi walimsimamisha.

"Beji yako iko wapi?"

"Beji ya nini? Minye niko koko, bibi yake mutoto."

"Koko hayuko kwenye liste."

Akazunguka kwa njia ya mlimani, saa mbili nzima, uji ukifika umeshika ngozi juu. Kwa hiyo siku ya tano hakuna aliyeshangaa kumwona pale mbele na kikapu chake.

Gazi ya machozi ikapigwa. Koko akalowesha kitenge ndani ya ndoo ya mtende, akajifunika pua, akarudi mahali pake. Jiwe moja likapotea njia, likavunja kioo cha jeep. Askari wakafyatua risasi hewani, wakawaburuta vijana wawili kwa mikanda ya suruali. Redio ikatangaza kwamba wananchi wamekataa mkutano.

Mkubwa wa protokole akatoka na kipaza sauti, tai imemkaa shingoni kwa upande.

"Wananchi wapenzi, tumewasikia! Munasema makuta ya inchi yamekwisha kwa sherehe. Basi, chakula cha mwisho tumekifuta. Tunaenda sasa hivi!"

Mawe yakaongezeka.

"Zulia tunakunja!"

Mawe.

"Na ili tusipoteze hata faranga moja tena, umeme wa mkutano tunauzima mchana huu huu!"

Hapo hata wale wamama waliokuwa wamesimama tu kutazama wakainama kuokota.

Komanda Achille akaona haya yamemshinda. Akavua kofia ya chuma, akavuka barabara mikono juu, jasho na machozi vikimtiririka pamoja, mpaka akasimama mbele ya yule mama mwenye kikapu.

"Koko, nakuomba kama mama yangu aliyenizaa. Bariyeri naondoa, weye utapita bila beji. Vijana wenu nitawaachilia. Na wageni, unaona mwenyewe, wanaenda. Sasa munataka nini tena?"

Koko Mapendo akashusha kikapu chini. Nyuma yake watu wakashusha mawe.

"Mubakie, mwanangu. Mukule muchele wote wa Luberizi, mumalize na ng'ombe za Bijombo, hatutasema kitu. Ila mubakie siku kumi."