Neno la Kiingereza la Mzee Mbonigaba

"Wezi! Mulipitia wapi mpaka mukafika kwangu?" Mzee Mbonigaba aliwafokea wageni waliojaa chini ya turubai, uani kwake Mbugangari. "Hapa hakuna binti ya kuolewa. Murudi kwenu!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Siku ya posa, msemaji wa upande wa binti sharti atukane na kukataa, na mshenga wa bwana harusi sharti abembeleze, mpaka mara ya tatu binti atolewe. Ukikubali upesi wataona umechoka kumlisha. Na kwa matusi Mbonigaba alikuwa fundi; miaka thelathini ya uvuvi ilikuwa imeunoa ule mdomo.

Nyuma ya pazia alisimama Uwimpuhwe, yatima wa kaka yake. Alimpenda Ganza, kijana aliyekuja kumposa, kufa na kupona, na Mbonigaba, baba yake mdogo, alikuwa amemwapia kwamba leo atamwoza.

Mshenga, Rutagengwa, tajiri aliyekulia Uganda na aliyemlea Ganza, aliinuka bila tabasamu. "Ng'ombe sita."

"Sita? Ile ng'ombe tuliiona. Iko na njaa kushinda mwenyewe!"

Makofi. Rutagengwa akaketi, akainuka tena. "Nane."

"Bon, na ule kijana wenu? Miguu ya kuku! Atalima na nini?"

Ganza mwenyewe alicheka. Mbonigaba alijisikia raha mpaka kisogoni, kwa sababu tusi tamu kuliko yote alikuwa bado hajalitoa. Jana jirani yake Connie, muuza mitumba aliyerudi kutoka Kampala, alikuja kumfundisha neno. "Maana yake ni 'haitoshi', mzee. Watu wetu wa Uganda wanalipenda sana. Liweke mwisho, watacheka mpaka walie." Asubuhi nzima alilirudia huku akiparua samaki wa karamu.

"Kumi," akasema Rutagengwa.

Mbonigaba akavuta pumzi. "Insufficient!"

Upande wake ukashangilia. Upande wa pili, wengi wao waliokulia Uganda, wakaacha makofi. Matusi ya mababu kila mtu anajua ni mchezo. Lakini neno hili wao walilijua kutoka kwenye barua za ofisini, zile zinazokuja na muhuri, na hakuna aliyewahi kupata barua ya namna hiyo akaambiwa ni utani. Connie alimfundisha maana, hakumfundisha linatumika wapi.

"Tumesikia," akasema Rutagengwa. "Umetukataa kwa lugha yetu, mbele ya mashahidi."

"Hapana, muzee! Iko muchezo tu! Kaa, tafadhali, ng'ombe kumi inatosha, hata moja inatosha!"

Nyuma ya pazia mtu alianza kulia. Wageni walikuwa wamekwisha simama.

Rutagengwa alimshika Ganza mkono. "Uliniapia kwamba wakikukataa wenyewe utaoa ninakotaka mimi. Haya, twende kwa Connie. Binti yake amevaa tangu asubuhi."