Neno la Watu Wawili

“Bega vipi?” Shomvi aliuliza walipopeana mikono juu ya wavu, kabla ya fainali ya wanaume wawili wawili.

“Linaendelea, kaka,” Badru alijibu, macho kwenye viatu.

Mwezi mmoja tu uliopita, Badru alimwambia kwamba bega limekwisha na tenisi basi tena. Shomvi alilikanda bega lile kwa mikono yake mwenyewe. Leo Badru alisimama ng’ambo na mwenzi mpya, akipiga mipira mikali kuliko zamani.

Shomvi akajikaza. Angalau, alijiambia, limebaki neno letu. Kwa miaka tisa waliyocheza pamoja, mpira ukipaa katikati yao, aliyetaka kuupiga ndiye aliyepaza sauti, “Yako!” Wapinzani walidanganyika kila mara. Hila hiyo hawakumwambia mtu, hata wake zao.

Katika seti ya mwisho Shomvi aliuinua mpira juu, ukashuka katikati ya wapinzani wake.

“Yako!” akaita yule mwenzi mpya, kisha akaruka na kuupiga mwenyewe. Badru hakusogea hata hatua moja.

Ikabaki pointi moja Badru na mwenzake washinde, na mpira ukapaa upande wa Shomvi.

“Kaka, sema basi!” Fikirini, mwenzake wa leo, alimhimiza.

Shomvi alifungua mdomo. Neno alilolizoea halikuwa lake tena, na jingine halikumjia. Mpira ukadunda katikati yao, ukadunda tena.

Ng’ambo, makofi yakirindima, Badru alikuwa ameinama, hathubutu kumtazama Shomvi, amejishika bega.