Salamu ya Msibani Mbele ya Kamera

“Ongea kilugha chenu basi, watazamaji waogope!” mwongozaji wa filamu alifoka.

Naetwe, aliyeigiza mzimu, alikuwa amepakwa masizi uso mzima. Kelele hizo zilikuwa zimemchosha tangu asubuhi. Badala ya kunguruma, akatoa salamu ya msibani ya kwao, ambayo kila mtu wa kabila lao anayeisikia huitikia kwa kutaja jina la mama yake.

Mbele yake Gervas, aliyeigiza mchungaji wa kukemea pepo, na ambaye miaka yote alikana kabila lake, alikuwa ameinua msalaba.

“Nakijwa,” akaitikia, kabla hajajizuia.

“Kata! Nakijwa ndiye nani? Sema, ‘Toka, pepo mchafu!’ Haya, tunarudia!”

Gervas akainua tena msalaba. Naetwe akamkazia macho, akamsalimu upya.