Mguu wa Kushoto

"Mguu wa kulia, mama," Meya alinong'ona. Alikuwa amepiga magoti, taulo kiunoni.

Bi Perpetua aliuvua kandambili akauweka juu ya beseni. Wapiga picha walisukumana. Padri ndiye aliyemchagua kwa ibada hii ya Alhamisi Kuu, kutoka kwa wauza maandazi ambao Meya aliamuru vibanda vyao vibomolewe. "Hii ni ibada, mama, si siasa," padri alimwambia. Naye akakubali, kisha akajuta, kisha akaja.

Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Alimfikiria Petro, aliyekataa kuoshwa mpaka akaonywa. Akamfikiria Yuda, ambaye naye alioshwa, tena akafutwa vizuri kama wenzake. Lakini humu ndani Yuda ni nani, anayeosha au anayeoshwa?

"Hapa ulipatwa na nini, mama?"

"Bati, Mheshimiwa. Siku ile tingatinga lilipokuja."

Vidole vya Meya vilisimama juu ya kovu.

Wapiga picha walishapata walichokitaka, wakafungasha kamera na kutoka. Padri akakohoa, maana kwa desturi huoshwa mguu mmoja tu, na wengine walikuwa wanasubiri. Meya hakuinuka. Perpetua alikiona kisogo chake, kimenyolewa vibaya kama cha mtoto.

"Na wa kushoto, mama," alisema bila kuinua uso. "Ukiniruhusu."

Perpetua aliutazama mguu wake wa kushoto. Ulikuwa bado ndani ya kandambili, vidole vimeing'ang'ania.