Kengele ya Adhuhuri

Tangu Bi Kidawa amwajiri Makame kwenye kiwanda chake kidogo cha mikate, wateja walikuwa wakipungua. Makame ni mtu mzima mwenye akili ya kitoto, na ndiyo kwanza ametoka jela.

Adhuhuri ile kengele ya shule ya jirani ililia. Makame akaacha kukanda unga, akachuchumaa sakafuni, mikono kichwani, akingoja kuhesabiwa kama alivyozoea gerezani.

"Si nilikwambia?" mwanamke aliyekuja kununua mikate alimwambia Bi Kidawa. "Huyu si wa kuweka karibu na watu. Mimi mkate wa mikono yake siwalishi wanangu."

"Inuka, mwanangu," Bi Kidawa alimwambia Makame. "Hapa hakuna wa kukuhesabu."

Makame hakuinuka.

Bi Kidawa akakaza kanga kiunoni, akachuchumaa ubavuni mwake huku magoti yakimuuma, akajiwekea kichwani mikono iliyojaa unga.

"Moja," akasema kwa sauti.

"Mbili," Makame akajibu, na uso ukamkunjuka.

Kisha akamwinulia macho yule mwanamke, akimngoja aseme tatu.