Zizi Linahama Tena

Tangu malisho yapewe sauti, ng'ombe haingii nyasini bila ruhusa. Kila asubuhi Nolari alikwenda kwenye fimbo ya chuma iliyochomekwa nyuma ya zizi, akaiamkia kama mtu mzima mwenzake, kisha akangoja vijidudu vya ardhini viseme kupitia fimbo hiyo.

"Bonde lipumzike," udongo ulisema siku hiyo. "Zizi lihamie kilimani. Naitrojeni imetuishia huko, tunataka mavi na mkojo."

"Mara ya tatu mwaka huu!" Nasieku, mke wa mwanawe, alilalamika akiwa amebeba mafiga. "Mama, hata majivu hayajapoa."

"Beba tu, mwanangu. Tulipokuwa tunajiamulia wenyewe, si tulilisha mpaka tukabaki na vumbi?"

Nani angebisha? Pale walipohama mwaka jana nyasi zilifika kiunoni, na maziwa yalijaa vibuyu mpaka majirani wakagawiwa. Ila nyasi nene kuliko zote zilikuwa juu ya kaburi la mume wa Nolari. Udongo haukuchoka kumsifu mzee yule.

Jua lilipoanza kushuka, zizi likiwa limekwisha kuhama, Nolari alirudi kwenye fimbo kutoa taarifa.

"Ahsante sana," udongo ulisema. "Hivi Nolari, una miaka mingapi?"

Nolari alicheka, akajifunga shuka vizuri. "Sabini na miwili."

"Wala usijali," udongo ulimjibu kwa upole. "Sisi hatuna haraka."